Haimo Lakini Ni Kweli: Maisha ya Baba Yetu, Mzee Rula

Marehemu baba yetu hakuwahi kula karanga kabla hajaisoma karatasi iliyozifunga. Alizimimina mezani, akaikunjua karatasi, akainyoosha kwa kiganja, kisha akatoa rula ya mbao mfukoni mwa shati na kuiweka chini ya mstari wa kwanza. Tukimwambia, "Baba, hilo gazeti ni la mwaka juzi," alijibu bila kuinua uso, "Nani kakwambia ya mwaka juzi yamekwisha?" Kwa ajili ya rula hiyo mtaa mzima ulimwita Mzee Rula, na baadhi ya wajukuu zake walifika darasa la tatu bila kujua kwamba babu yao ana jina lingine.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1944, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi wa reli na mshona nguo. Waliishi chumba cha mwisho katika safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli, karibu na njia kiasi kwamba vikombe vilicheza rafuni kila treni ilipopita.

Alianza shule ya msingi mwaka 1952. Baba yake, yaani babu yetu, hakujua kusoma, hivyo marehemu ndiye aliyemsomea barua na matangazo ya kazini. Marehemu alipokuwa darasa la nne, babu alirudi na tangazo lililosema kwamba mafundi watatu wanapunguzwa kazi, na jina la tatu lilikuwa lake. Mtoto akaliona, akaogopa, akauruka mstari ule na kuendelea na habari za zamu. Kesho yake babu aliamka, akavaa ovaroli, akaenda, akarudishwa getini mbele ya wenzake. Jioni hakumpiga. Alimwambia tu, "Wewe ndiwe macho yangu. Kazi ya macho ni kuona, si kunihurumia." Marehemu alitusimulia kisa hicho mara nyingi, na kila alipofika hapo alishika rula mfukoni, kama mtu anayeshika kikombe treni inapopita.

Alimaliza sekondari mwaka 1963, akasomea uchapaji kwa miaka miwili, na tarehe 10 Januari 1966 akaajiriwa na gazeti la kila siku kama msahihishaji. Chumba chao kilikuwa nyuma ya mitambo, dirisha moja, meza mbili, na harufu ya wino ambayo haikutoka kwenye mashati yake hata yalipogeuzwa matambara. Siku hizo usahihishaji ulikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja alisoma kwa sauti nakala ya mwandishi, pamoja na mikato na nukta zake zote, na mwingine alifuata kwa rula kwenye prufu, yaani ile karatasi ndefu ya majaribio iliyochapwa upande mmoja tu.

Aliyemsomea alikuwa mama yetu. Mchana mmoja wa mwaka 1969, katikati ya hotuba ya waziri, alisoma kwa sauti ile ile isiyo na haraka: "Waziri alisema, mkato, mabomba yatafika kila mtaa, nukta. Msahihishaji wetu hajala tangu asubuhi, mkato, na shati lake limekosa kifungo, nukta."

Rula ilisimama. "Hiyo haimo," marehemu alisema.

"Haimo lakini ni kweli," mama akajibu.

Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1970, wakajaliwa watoto watatu. Nyumbani kwetu maneno hayo yakawa msemo. Mtu akificha kwamba ameshindwa mtihani, au shemeji akisifia wali ulioungua, yupo aliyeguna, "Haimo lakini ni kweli."

Ndugu waombolezaji, kijitabu mlicho nacho mkononi kinasema kwamba kati ya mwaka 1988 na 1992 marehemu "alikuwa mapumzikoni." Sivyo tulivyoandika. Mwenye duka la chapa alisoma wasifu wetu akiwa amesimama, akaurudisha na kuniambia, "Dada, nina leseni moja na watoto watano." Sikumlaumu, na nawaomba nanyi msimlaumu. Aya zilizotolewa nitazisoma mimi.

Kila alasiri, mwisho wa ile meza ya pili, aliketi mtu kutoka wizarani. Wafanyakazi walimwita Mkasi. Hakuwa mkali. Aliulizia afya za watoto, alileta peremende siku za sikukuu, na alikata habari kwa penseli nyekundu bila kueleza sababu. Mwanzoni, habari ikikatwa, nafasi yake iliachwa nyeupe, na wasomaji walijua kwamba hapo palikuwa na jambo. Mwaka 1978 ikaja amri kwamba nyeupe ni marufuku, kila tundu lizibwe. Mhariri akaweka akiba ya picha za mboga. Siku boga kubwa lilipotokea ukurasa wa kwanza, watu vibandani waliulizana, "Leo boga? Kwani kumetokea nini?"

Prufu zilizokatwa zilipaswa kuchomwa kwenye pipa nyuma ya jengo, na kazi hiyo alikabidhiwa marehemu. Kwa miaka kumi alichoma karatasi tupu. Zile zenye maandishi alizileta nyumbani chini ya shati, mama akazitandika kwenye rafu za vyombo, upande wa maandishi chini. Kwa kuwa zilichapwa upande mmoja, rafu zetu zilipendeza kwa weupe, na majirani walimsifu mama kwa usafi.

Mwezi wa Septemba 1988 kiwanda cha nguo cha upande wa pili wa mji kiliungua. Gazeti liliandika kwamba kulikuwa na hitilafu ndogo ya umeme na watu watatu wamejeruhiwa. Waliofiwa walikabidhiwa majeneza yaliyofungwa, kila familia siku yake, wasikutane. Kitinda mimba wa marehemu, ambaye ndiye ninayewasomea, alikuwa na miaka tisa. Akiwa anapanga sahani zikiwa bado zimelowa, aliona herufi zikijitokeza kwenye karatasi nyeupe. Akaigeuza, akasoma. Wanawake thelathini na mmoja. Milango ilikuwa imefungwa kwa nje ili wasitoke kabla ya zamu kuisha.

Shuleni kwetu kila Jumatatu tulisimama mmoja mmoja kutoa habari za wiki. Jumatatu ya tarehe 3 Oktoba wenzangu walitoa za mvua na za mpira. Nami nikatoa hiyo, yote, pamoja na idadi, kwa sauti ya kumfurahisha mwalimu. Mwalimu hakufurahi. Aliniuliza, "Umeisikia wapi?" Nikajibu kwa fahari, "Sikuisikia, nimeisoma. Kwenye rafu ya vyombo nyumbani." Aliyekaa nami dawati moja, ambaye mama yake alizikwa wiki mbili kabla, aliuliza neno moja tu, taratibu: "Walifungiwa?"

Jumatano watu watatu walikuja nyumbani. Mama aliwaambia, "Viatu tafadhali, nimepiga deki." Walivua. Walishusha kila sahani. Mmoja akauliza, "Mama, karatasi zote hizi za nini?"

"Za kuzuia mende," mama alisema.

"Mende wako wanasoma sana."

Marehemu alikaa gerezani miaka minne na miezi miwili. Mama alirudisha vyombo kwenye mbao tupu na hakutandika tena chochote. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mama, kaka, dada, hata marehemu aliporudi tarehe 11 Desemba 1992, mwembamba, meno mawili yakiwa yameng'oka, hakuna aliyewahi kutamka kwamba ni mimi. Kimya hicho kilikuwa cha upendo, najua. Lakini nilikulia ndani yake kama mtu anayeishi na mgonjwa chumba cha pili.

Hakuruhusiwa tena kufanya kazi gazetini. Mwaka 1993 alipata nafasi katika duka la chapa, akisahihisha kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Wengi mlioketi hapa, wasifu wa wazee wenu ulipita chini ya rula yake. Mnakumbuka kwamba, akimaliza kusahihisha, aliwauliza, "Na kisichomo ni nini?" Wapo waliokasirika. Wengi waliketi, wakamweleza. Aliyaandika kwenye madaftari ya shule yenye jalada la kijivu, kwa ruhusa yao, na madaftari hayo ni kumi na saba.

Simu za mkononi zilipoenea alizishangaa, kisha akazishuku. Alisema simu ni ubao wa chaki, na mwenye dasta hayuko darasani. Kundi la mtaa lilipotuma habari, yeye aliinakili kwa kalamu kabla haijafutwa. Tulimcheka. Kisha mwaka 2020, wiki ya uchaguzi, mtandao ulizimwa siku tisa, na watu wazima wenye simu za bei mbaya wakawa wanapita kibarazani kwake kuuliza, "Mzee Rula, leo una nini?" Aliwasomea alichokuwa nacho. Asichokuwa nacho alisema hana.

Alipoitwa kuhojiwa, akiwa na miaka sabini na sita, nilimsindikiza. Ofisa kijana alisoma kwa sauti moja ya zile karatasi alizowasomea watu, orodha ya waliokamatwa mtaani kwetu. Marehemu alikohoa.

"Samahani, mwanangu. Umeruka mstari."

"Wapi?"

"Hapo juu ya kidole chako. Kuna kijana wa kinyozi."

Ofisa alirudi nyuma, akamsoma kijana wa kinyozi. Kisha akamwonya mzee, akamwachia, akaizuia rula kama kielelezo. Marehemu aliihuzunikia kuliko onyo. Baada ya wiki mbili ililetwa nyumbani ndani ya bahasha isiyo na jina la mtumaji. Leo imo mfukoni mwa shati lake.

Mama alitangulia mwaka 2015. Macho ya marehemu yalianza kufifia mwaka 2022, na kufikia mwanzo wa mwaka huu hakuona kitu. Tulibadilishana zamu za kumsomea, na alidai mikato na nukta zote. Mwezi wa Juni moyo ulianza kuchoka na miguu kuvimba. Alilazwa tarehe 7 Agosti, wodi ya pili, kitanda cha karibu na dirisha, na alifariki asubuhi ya Jumatatu, tarehe 19 Agosti 2024, saa moja na dakika ishirini.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu sita, kitukuu mmoja, dada mmoja wa tumbo moja, na madaftari kumi na saba ambayo familia haitayachoma. Ameacha pia yule niliyekaa naye dawati moja. Tangu mwaka 1993, kila Septemba, alimletea baba karanga zilizofungwa kwenye gazeti, akaketi naye hadi karatasi imalizike kusomwa. Ameketi safu ya pili. Mungu amlaze baba yetu mahali pema, na amrudishie macho yake.

Limebaki moja, ambalo hata kwenye nakala yetu halikuwamo.

Jumapili jioni, mkesha wa kuondoka kwake, nilikuwa namsomea kipande cha gazeti. Nilifika katikati nikashindwa kuendelea. Nilimwambia, "Baba, ni mimi. Nilisoma karatasi ya rafuni, nikasema darasani. Miaka ile minne ni mimi niliyekupeleka."

Aligeuza uso upande wa sauti yangu.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Walinisomea ushahidi. Walikuwa wameandika kila ulichosema."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa naona haya. Ningetaka zisisomwe, ningezichoma. Nilizitandika kwenye nyumba yenye watoto niliowafundisha kusoma mwenyewe, halafu nikawaachia mzigo." Akapapasa shuka hadi akaupata mkono wangu. "Wewe ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na kumi na moja, na karatasi ilikuwa na mistari minane tu."

Nilidhani anaweweseka. Kisha nikakumbuka ovaroli ya babu, na geti.

Akanibonyeza kiganja, kama alivyozoea kunyoosha karatasi, akasema, "Mwanangu, wewe hukuuruka."