Kelele Ndani ya Wimbo wa Pelagia

Kwenye benchi la kahawa karibu na stesheni ya Tabora, Damas alishika simu kwa mikono miwili kama aliyeshika yai. Jumamosi ingekuwa misa ya mwaka mmoja tangu mkewe Pelagia azikwe, naye alitaka watu wamsikie akiimba. Wimbo wake aliokuwa nao kwenye simu ulikuwa mmoja tu, uliorekodiwa kwenye sikukuu ya kigango kule Bukene, na humo jenereta liliimba kuliko kwaya.

— Weka simu kwenye mchele, alisema rafiki yake Ngollo. Mchele mkavu wa Igunga unanyonya kila kitu.

— Unanyonya maji, Ngollo!

— Kelele inapita hewani, na hewa ina maji. Bisha.

Masolwa, aliyeitwa Injinia tangu alipofunga spika ya kwaya kichwa chini na ikalia vilevile, aliweka kikombe chini.

— Sauti ni kama asali. Nta hupanda juu, asali hukaa chini. Simamisha simu wima siku mbili, halafu sikiliza upande wa chini.

— Na nikipigiwa? Damas akauliza.

— Usipokee! Utaikoroga.

— Afadhali tuirudishe Bukene, Ngollo akasema, tuipige mbele ya jenereta lilelile. Likijisikia litaona aibu.

Damas hakucheka. Alisema polepole:

— Jamani, mimi namtaka Pelagia peke yake. Basi.

Minza, fundi wa studio, alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake. Hawakuwahi kumwona pale.

— Shikamooni wazee. Baba, hebu niusikilize huo wimbo.

— Marahaba, mwanangu.

Minza akavaa hedifoni, akafumba macho.

— Jenereta linatoka, baba. Na hiki kikohozi pia.

Ngollo akatazama barabarani.

— Ila kuna mwanamume anapiga kelele ubeti mzima: "Huyo wangu! Jamani, huyo wangu!" Ni nani?

Masolwa akawa anatafuta kitu ndani ya kikombe kitupu. Wote walikuwepo Bukene siku ile. Wao ndio waliomvuta Damas shati ili akae.

— Nimtoe? Minza akauliza. Tatizo, mama anacheka kidogo hapa, halafu anaendelea kuimba. Nikimtoa huyu, watu watajiuliza mama anacheka nini.

Damas akasogeza kikombe chake kando.

— Toa jenereta, mwanangu. Huyo mpumbavu mwache.

— Na kikohozi changu? Ngollo akauliza.

— Kikohozi toa.