Diski Iliyosafiri Ndani ya Sufuria

Risala ya Umoja wa Vyombo vya Shughuli, Frere Town, kwa Daktari Fairuz, siku ya kufungua stoo yetu ya vyombo

Mgeni rasmi, Daktari Fairuz. Mwenyekiti wetu Mzee Rashid. Kina mama mlioko jikoni, ambao tunajua mnasikiliza, basi pilau isishike chini. Majirani wote wa Kisauni na Kiembeni. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na asiyetaka hilo wala hili, hujambo.

KARIBU KWENU

Karibu mwanetu. Utatusamehe kukuita mwanetu na wewe ni daktari mzima, lakini nyanya yako alikuwa akiuza mahamri hapo kona ya msikiti, na sisi wenye mvi tumelelewa na mahamri yale kuliko na shule. Ukiona mtu anakutazama sana usoni, usidhani ana adabu mbaya. Anamtafuta nyanya yako.

Tunajua watu walishangaa walipopata habari. Musyoka wa kinyozi alituuliza waziwazi, "Stoo ya sufuria mnafunguliwa na daktari wa kompyuta? Kwani sufuria zenu zimeingia virusi?" Tukacheka, tukamwambia ngoja siku ifike. Siku imefika. Tutaeleza pole pole, maana jambo hili ukilivuta kwa haraka linakatika.

TULIKOTOKA

Umoja huu ulianza na sufuria moja, ile kubwa yenye masikio mawili iliyo pale mbele yako. Kabla ya hapo, mtu akifiwa au akiozesha, alikuwa akizunguka mtaa mzima kuomba vyombo, huku kijiko, huku sinia. Tukasema aibu hii iishe. Tukachangishana, tukanunua.

Na tukaweka sheria, ambayo mpaka leo haijaandikwa popote na haijavunjwa. Sufuria haina kwao. Aliyemaliza shughuli anaiosha, mwenye shughuli inayofuata anakuja kuichukua. Haikai ndani bure, maana chombo kinachozunguka hakishiki kutu. Cha jamaa ni cha jamaa. Hata hiyo stoo utakayotufungulia leo ni ya viti na mahema tu. Sufuria zenyewe utazikuta kwa watu.

Basi Bi Khairiya akatuletea diski. Mwanawe alikuwa na duka la kompyuta kule Changamwe, likafungwa, akampa mamake diski moja ya zamani, nzito kama tofali la nusu. Bi Khairiya akasema, "Nyimbo zetu zinakufa. Kila tukizika mtu, tunazika na nyimbo zake. Tuzitieni humu." Tukazitia. Vugo za kina mama wa Kiislamu, nyimbo za kwaya, kifudu cha Wagiriama. Halafu tukaanza kuwaomba wazee, kila mmoja kabla hajaenda aseme neno lake.

Na kwa vile ilikuwa mali ya umoja, tukaipa sheria ya sufuria. Ikawa inazunguka. Inafungwa kwenye leso, inatiwa ndani ya sufuria kubwa pamoja na miko na vijiko, inapanda tuk-tuk. Penye harusi inapiga vugo, penye matanga inapiga kifudu. Ilivuka feri kwenda Likoni na kurudi, ikanyeshewa, ikakaliwa na mtoto. Haikusema kitu. Mpaka leo ukiichomeka kwenye laptopu inanguruma kama paka aliyeshiba.

Mgeni rasmi, sisi hatukujua kwamba tulikuwa tunacheza na moto. Diski yenyewe ndiyo iliyotudanganya, kwa uzima wake.

YA KUJIVUNIA

Tungeweza kukuhesabia harusi na matanga, lakini tutakupa moja tu.

Bi Jumwa, mpishi wetu mkuu, alitangulia mbele ya haki. Kwenye arobaini yake tukafungua diski tusikie sauti yake. Tulidhani ataomba dua. Ikatoka sauti, "Nyinyi! Chumvi mumetia mara ngapi?" Kumbe siku ile ya kurikodiwa alikuwa yuko jikoni anagombana na watu. Daktari, kina mama wote waliokuwa jikoni siku ya arobaini waliweka chumvi chini. Kina mama wazima, wamekamata mapaja yao, wanacheka na machozi yanawatoka. Na wali ule kweli ulikuwa umezidi chumvi.

Mtu amelala kaburini na wali anauonja. Ndani ya kipande cha chuma! Sisi tuliokulia kwenye kibatari, hatujazoea bado, na tunaomba Mungu tusizoee.

YALIYOTUKUTA

Sasa tunafika penyewe.

Ile diski ya zamani ilijaa. Tukanunua mpya, nyembamba, nyepesi, unaitia mfukoni. Tuliambiwa hii moja inameza kumi kama ile ya kwanza na bado ina njaa. Tukafurahi. Nyimbo zikakopiwa kwenye mpya, na zote zilizofuata zikaingia kwenye mpya peke yake.

Wakati huo Munga alikuwa mgonjwa wa kifua. Munga ndiye aliyekuwa akisimamisha mahema yetu. Hakuna harusi hapa iliyopata kivuli bila mikono yake. Mkewe ni mama Florence, yule aliyekaa safu ya pili, mwenye kitambaa cha kijani, ambaye sasa hivi anatukunjia uso kwa kumtaja. Wana watoto wawili, Kai na Cindy. Cindy ndiye mdogo, na alikuwa ameshachumbiwa na kijana wa Likoni.

Kwa watu wa ukoo wao, binti hatoki kwa baba mpaka baba amesema neno. Anapiga funda la maji, anampulizia kifuani, halafu ananena. Na neno lile halisikiwi na mtu kabla ya siku. Hata mama halisikii. Wanasema likisikika kabla, limeshatumika.

Munga alijua hatafika siku hiyo. Akamuita Kai. "Leta simu yako. Weka hapo. Bonyeza, utoke, ufunge mlango." Kai akabonyeza, akatoka. Florence alikuwa uani anachambua mchicha. Alisikia mlango unafungwa, akajua ni nini, akauacha mchicha, akatoka mpaka barabarani ili asije akasikia hata kwa bahati mbaya. Alisimama huko na mikono yenye maji, watu wanampita wanamsalimu, na yeye anajibu tu "salama, salama." Mpaka Kai akaja kumwambia, "Mama, baba amemaliza. Anaomba chai."

Kwa hivyo Munga aliongea na ukuta. Alizikwa majuma machache baadaye, na sisi ndio tuliosimamisha hema, vibaya, limepinda upande mmoja.

Kai akaleta maneno ya babake yakatiwa kwenye diski mpya, humo walimo wazee. Kisha akayafuta kwenye simu. Msimlaumu. Sisi ndio tuliomwambia. Mzee Rashid alimuuliza, "Simu hiyo si ndiyo unayotazamia mipira na vichekesho? Neno la mzazi likae humo?" Kijana akaona haya, akafuta mbele yetu, na tukamsifu kwa adabu. Wallahi tulimsifu.

Diski ikaendelea na safari zake. Kwa leso, kwa sufuria, kama dada yake. Ikaenda harusi moja Kiembeni. Walipoichomeka haikunguruma. Ikagonga. Tik, tik, tik, kama mjusi ukutani. Halafu ikanyamaza.

Florence ndiye aliyetumwa kuichukua. Alirudi nayo kutoka Kiembeni kwa miguu, hakutaka itikiswe tena na gari. Kila akifika penye utulivu anaiweka sikioni. Alituambia mwenyewe, "Nilikuwa najua siwezi kusikia kitu. Lakini na nyinyi, mngefanya nini?"

Tukampelekea fundi Safwan, Likoni. Fundi wa kweli, hana maneno mengi. Aliisikiliza, akaiweka chini kama mtu anayelaza mtoto. Florence akamwambia, "Ifungue basi, baba, tuone." Akasema, "Mama, nikiifungua hapa, nimekuzikia."

Ndipo akatoa diski nyingine, mfu, ya kwake, akafungua ile atuonyeshe. Daktari, wewe huyaona kila siku. Sisi tulikuwa hatujaona. Ndani mna kioo! Sahani inayong'aa kuliko maji ya kisimani. Tukainama wote, tukaona nyuso zetu, wazee tusio na meno. Bi Khairiya akasema, "Subhanallah! Wafu wanakaa mahali safi hivi?"

Safwan akatuonyesha mkono mdogo, mwembamba kama mguu wa panzi. Akasema mkono huo haugusi sahani. Unaelea juu yake, na sahani inazunguka mara elfu kadha kwa dakika, na baina yao nafasi ni ndogo hata moshi wa udi haupiti. Alama ya kidole chako, kwa mkono ule, ni mlima. Tulirudi nyuma wote tukaficha vidole vyetu.

Mzee Rashid akauliza, "Mbona ile ya zamani tumeitesa na haikufa?"

"Hiyo ya zamani, mzee, iliandika kama mtu anayepanda mahindi, mistari ina nafasi," Safwan akasema. "Hizi mpya nyingi zinaandika kama makuti ya paa, moja limelalia jingine, ili viingie vingi. Ukitaka kubadilisha kuti moja uinue yaliyo juu yake. Mkono unafanya kazi zaidi, kwenye nafasi finyu zaidi. Sisemi zote mbovu. Lakini tizama hapo." Akatuonyesha mlangoni. Mlango wake ameuzuia na diski za zamani, na akatuapia kwamba ukizichomeka bado zinazunguka. Kwenye ndoo kando yake zimejaa mpya mpya, zinazong'aa, zote maiti. "Siku hizi zina tumbo kubwa na roho ndogo. Hata ingekaa kabatini, bibi, mimi nisingeiamini peke yake. Ilitakiwa iwe na ndugu. Moja ikilala, ya pili iko macho."

Bi Khairiya akamshika mkono Florence. "Nnakwambia, mwanangu, sisi tumekukosea. Sufuria ikitoboka tunaziba. Hii tuliitia miko juu yake."

Florence akasema tu, "Harusi ni Jumamosi ijayo."

Cindy alipoambiwa, hakulia. Alisema hatoki. Watu wa Likoni wakishakuja na ngoma zao watamkuta amekaa kwa mamake, na watarudi na ngoma zao. Ngumbao, kaka mkubwa wa marehemu, alijitolea anene yeye kwa niaba. Binti akamjibu kwa heshima, "Abee, baba mkubwa. Na wewe utaninenea, nitapokea. Lakini baba alikwisha kunena. Siwezi kupita juu ya neno lake kama halikusemwa."

Tukamtazama mamake. Florence ndiye aliye katikati. Akimlazimisha mtoto, ameliruka neno la mumewe. Akimwachia, amemvunjia mtoto nyumba.

Safwan ndiye aliyetutajia jina lako. Alisema kisiwani kuna chumba kisicho na vumbi cha kufungulia diski zilizokufa, watu wanavaa nguo nyeupe kama wanaokwenda Hija, na kinasimamiwa na binti wa Kisauni. Mzee mmoja akasema, "Kisauni ipi?" Tulipojua ni wa mahamri, tulipiga makofi hapo hapo kwa fundi.

MAOMBI YETU

Katika kikao cha risala palikuwa na maombi mengi. Viti, hema jipya, taa za uani. Mzee Rashid akasema, "Risala ni ya umoja. Jambo la mtu mmoja halisomwi mbele ya mgeni." Na Florence mwenyewe akasema, "Msinitie mimi. Ombeni viti."

Bi Khairiya akainuka. "Alipokufa mume wangu, nani aliyeniosha miguu kama si Florence? Siku hiyo hakuwa mtu mmoja. Leo amekuwa mmoja?" Akageuka, "Mimi nafuta ombi langu la taa." Musyoka, aliyekuja kusikiliza tu, akasema afute la hema, na wala hakuwa ameliomba yeye. Wakafuta wote. Mzee Rashid akabaki na viti vyake, akatutazama, akasema, "Haya. Watu wakae mkekani."

Kwa hivyo mgeni rasmi, ombi ni moja. Mama Florence, simama. Simama mama, hapa hakuna mgeni. Mpelekee.

Daktari, hicho chombo unachopewa ndiyo diski yenyewe. Tunaogopa hata kukupa kwa mikono miwili. Jumamosi ni karibu, na tunajua wewe si Mungu. Kikishindikana, mwite Florence umwambie wewe mwenyewe, mdomo kwa sikio. Usitume mtu. Atabeba. Amebeba mengine.

Lakini kikikubali, mwanetu, sikiliza hapa vizuri. Nyimbo za humo zisikilize zote, na ucheze ukipenda. Utafika mahali penye kimya kidogo, kisha mtu atakohoa. Kukohoa kwa Munga kunajulikana, anakohoa mara mbili kama anayebisha hodi. Ukikusikia, zima hapo hapo. Wewe zima, na mafundi wako wazime. Usingoje neno la kwanza, hata ukitaka kujua kama limetoka zima. Tupigie simu, utuambie, "Amekohoa." Hilo litatutosha. Mengine ni ya Cindy, na hayajasikiwa na kiumbe tangu yalipotoka kinywani.

Mungu aitulize mikono yako, apitishe vumbi mbali na mlango wako, na wewe pia akujaalie wa kukunenea. Amin, na tena amin.

Ni sisi wenyeji wako, tulio hapa na waliotangulia,
Umoja wa Vyombo vya Shughuli,
Frere Town, Kisauni.