Damu Niliyoifukizia Udi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni polepole tu, maana na mimi nimesimama hapa nimechoka.

Nshachoka kuzika. Dada yangu Paulina alianza kutokwa na damu, na hedhi ilikuwa imeshamkoma zamani. Wanawake wa mtaani wakampongeza, ati ujana umemrudia! Naye akacheka nao. Tulipomzika, watu wakasema karogwa.

Kisha damu ile ikanianza na mimi. Jamani, niliogopa! Ningemwambia nani? Mume wangu alikuwa Pemba, kenda kuchuma karafuu. Kwenye foleni ya mchele nilisimama nyuma kabisa, mapaja nimeyabana, nnaomba damu isifike chini. Na ile harufu! Basi nikafanya kama wafanyavyo wanawake wa mtaani kwetu Kikwajuni: nikatia udi kwenye chetezo, nikajifukiza nguo na mwili. Kila adhuhuri moshi, kila adhuhuri nnalia. Watu wakaanza kunong'ona kwamba nna bwana.

Jirani yangu Bi Mwanakheri, Mwislamu mcha Mungu, akaingia, akafunga mlango.

"Mama Yohana, mwanamke hujifukiza kwa ajili ya mumewe. Wako yuko Pemba. Huu udi wamfukizia nani?"

Nikamwonyesha kitambaa chenye damu.

"Masikini mwenzangu! Vaa, twende hospitali."

"Naona haya, Bi Mwanakheri."

"Haya utaona ukiwa hai. Vaa!"

Daktari alikuta kidonda kwenye mlango wa kizazi. Saratani, akasema, lakini bado changa. Wengi humfikia wakiwa wamebebwa, naye hana la kuwafanyia. Nikapasuliwa, kizazi kikatolewa. Bwana kaniokoa kwa mikono ya watu, jina lake litukuzwe! Lakini ndugu zangu, nikishukuru hivi namwona Paulina anacheka, na moyo unaniuma.

Kina mama, damu isiyo wakati wake si ujana, wala si uchawi. Msingoje maumivu, mimi mwanzoni sikuumwa hata kidogo. Mtumainini Mungu, na mwende mkapimwe.

Ibada ikiisha nitabaki benchi la nyuma, upande wa wanawake. Mwenye shida hii aje akae karibu yangu. Usiseme kitu. Kaa tu, nami nitajua, na kesho asubuhi nitakuja kukugongea mlango twende sote.