Foleni ya Shule Isiyojaa

Mheshimiwa Torvald Nyrén, Mwenyekiti wa Baraza la Manispaa ya Tallmora, namba themanini na nane, Ndugu Pontus Agerskog, Mkurugenzi wa Shule Binafsi ya Morgonglans, namba mia moja na tatu na, kama sikosei, mia moja na nne kwa ajili ya pacha wa pili, ndugu wazazi, kuanzia namba mbili hadi mia moja na kumi na mbili, walimu wenzangu, wapishi wetu, wanafunzi mliokaa kwenye mikeka ya mazoezi kwa sababu viti tumewapa wakubwa, na zaidi ya wote wewe, Evert Lindgård, mtunza majengo wa shule hii kwa miaka thelathini na nane, unayestaafu leo, na usiye na namba yoyote kwa kuwa mashine ni yako: nawasalimuni nyote.

Najua mmeshtuka kusikia vyeo. Huku kwetu hata waziri mkuu tunamwita kwa jina lake la kwanza, na asipoitika tunalirudia. Lakini Evert aliniambia juzi, "Ragnhild, nimepiga deki matope ya viatu vya watu hawa tangu nina nywele. Siku moja tu nataka niwasikie wakiitwa waheshimiwa, nione kama watakaa tofauti." Haya Evert, wamekaa tofauti? Anatikisa kichwa. Basi tuendelee.

Shangazi yake Evert amesafiri kutoka kisiwa cha Gotland, na pale mlangoni ameniuliza mimi, mwalimu mkuu, kwa nini kila mtu mzima ana kikaratasi mfukoni. Shangazi, nitakueleza, na waheshimiwa hawa wataniwia radhi kwa kurudia wanayoyajua.

Katika nchi hii kila mtoto wa shule ana vocha yake. Ni fedha ya umma, na inamfuata mtoto popote mzazi atakapochagua, iwe shule yetu ya manispaa au shule ya kampuni. Miaka kumi iliyopita kampuni ya Pontus ilifungua shule hapa mjini, katika jengo lililokuwa duka la mazulia. Ilikuwa na mlango wa vioo na masofa ya rangi ya chungwa. Maktaba haikuwa nayo, lakini ilikuwa na picha kubwa sana ya maktaba. Mazoezi ya viungo yalifanyika kwenye maegesho ya magari, na chakula cha mchana kililetwa na teksi. Nani angeweza kushindana na hayo? Sisi tulikuwa na supu ya mbaazi kila Alhamisi.

Na walikuwa na foleni. Hapo ndipo walipotumaliza. Nafasi zao ziligawiwa kwa idadi ya siku ambazo jina la mtoto limesubiri, na sisi watu wa Tallmora tunaiheshimu foleni kuliko kanisa. Jöran, dereva wa malori ya magogo aliyekaa pale karibu na ngazi za kukwea, alimwandikisha bintiye kutoka wodi ya wazazi, mtoto bado ana mikunjo, hana hata jina. Kwenye fomu aliandika "Msichana." Ndugu zangu, mtu asiyejua atakula nini Jumapili alijua mwanawe atasubiri wapi kwa miaka saba.

Tulikuwa na wanafunzi mia mbili na kumi na wanne. Tukabaki na thelathini na mmoja. Viti vilivyobaki wazi Evert alivishusha chini ya jengo, na kila mwezi alikaza skrubu zake, vyote, hata visivyokaliwa. Nilimuuliza anavikazia nani. Akasema, "Kiti hakijui kama kimeachwa." Baraza likapanga kikao cha Novemba cha kutufunga, na watoto waliobaki wangepanda basi kilomita hamsini na nane kwenda mji wa jirani.

Oktoba ile yule Msichana wa kwenye fomu, ambaye sasa anaitwa Tindra, alikuja kwetu. Tindra ana miaka tisa na ana kigugumizi. Neno humchukua muda, lakini likifika ni neno zuri. Pontus alikuwa amemwita Jöran na kumwambia, "Tindra ni mtoto mzuri sana. Tunaona tu kwamba hapa kwetu hataweza kung'aa ipasavyo." Pontus, nakusifu mbele ya watu wote. Nimeitafuta kwa miezi mingi dosari ya adabu katika sentensi ile na sijaiona. Hukumfukuza mtu. Ulimsikitikia tu mpaka akaondoka, na kiti chake kikapata mtu kabla hakijapoa.

Sasa, wiki hiyohiyo duka la dawa lilikuwa limefungwa, na Evert, asiyevumilia kitu kizima kutupwa, aliokota mashine yao ya kutoa namba za foleni. Akaitundika ukumbini, karibu na ofisi yangu, aone kama bado inatema karatasi. Akaenda kunywa kahawa.

Tindra na baba yake wakaingia. Wakaiona mashine. Tindra akavuta namba moja, wakakaa kwenye benchi. Hawakuuliza. Katika mji huu nani huuliza? Namba ipo, unaichukua. Akaja mama mmoja aliyetaka fomu ya kumhamisha mwanawe, akawaona wawili wanasubiri, akavuta namba mbili na kuikunja fomu yake. Kufikia saa ya chakula walikuwa kumi na tisa, na mmoja alikuwa ameleta kiti cha kambi na chupa ya chai.

Nikatoka ofisini. Nikauliza, "Jamani, foleni hii ni ya nini?"

Baba mmoja alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, sisi hatujui," akasema, "ila tumewahi."

Hapo nilipaswa kusema ukweli, na leo nakiri kwamba sikuusema. Shule ya manispaa haina foleni. Sheria inatukataza kujaa. Anayebisha hodi tunampokea, mwenye kigugumizi, mwenye hasira, mwenye baba mbishi, na tulikuwa na viti mia na themanini chini ya jengo, vyote vimekazwa. Nilimpitisha Tindra na baba yake mlango wa jikoni, nikampeleka darasani, na mpaka leo yumo. Kisha nikarudi ofisini nikafunga mlango. Kama mzazi yeyote angeniandikia barua ya kuomba nafasi, ningempa siku ileile. Hakuna aliyeandika. Wote walisubiri kuitwa.

Mnajua yaliyofuata. Wale thelathini na mmoja hawakuhama tena, kwani nani huacha nafasi inayosubiriwa na wengine? Mwenyekiti Torvald aliingia kwenye kikao cha Novemba na hotuba ya kutufunga mkononi, akaiweka chini. Nanukuu kumbukumbu za kikao: "Shule yenye foleni haifungwi." Mjumbe mmoja aliuliza foleni hiyo inatokana na nini. Mheshimiwa akajibu kwamba hilo halikuwa kwenye ajenda. Kesho yake alikuja mwenyewe kuvuta namba themanini na nane, kwa ajili ya mjukuu ambaye hadi leo hajatungwa mimba.

Naye Pontus, kwa kutotaka kupitwa, alinunua mashine tatu. Kosa lake ni kwamba zake zilifanya kazi. Namba zilisogea, watu wakaitwa, nafasi zikaonekana, na wazazi wakaanza kunong'onezana kwamba shule inayokuita upesi lazima ina kasoro. Hapo ndipo yeye naye alipokuja na mapacha wake.

Tumecheka. Mimi pia nimecheka mwaka mzima, na kicheko hicho kimeniuma. Nimesimama kwenye mikutano mingi nikisema kwamba katika biashara hii ya vocha wazazi wanadhani wanachagua, kumbe shule ndiyo inayochagua watoto. Bado nasema hivyo. Lakini mwaka huu nilipita mbele ya watu mia moja na kumi na moja kila asubuhi, nikawaacha waamini kwamba mlango umefungwa, kwa sababu mlango uliofungwa ulitufaa. Mimi na Pontus tumeuza bidhaa moja. Yeye aliipamba kwa masofa.

Nilimuuliza Evert anataka zawadi gani ya kustaafu. Walimu walishauri saa ya ukutani. Akasema, "Saa ninazo. Waite watu wale. Usiponiahidi nitaondoka na mashine yangu bila kula keki."

Nikamkumbusha kwamba Septemba suala letu linarudi mbele ya baraza, na kwamba watu wa hapa wakijua kuna nafasi wazi wanaweza kutukimbia wote. Akasema, "Basi wakimbie wakijua." Evert, naogopa. Nakwambia mbele ya watu: naogopa sana. Lakini viti nimevipandisha asubuhi, nimevihesabu, ni hivi mlivyokalia. Namba yoyote itakayoitwa leo, mwenyewe anaandikishwa leo, palepale kwenye meza ya keki. Mheshimiwa Torvald, mjukuu wako tutamsubiri sisi.

Nilikusudia kuziita namba mwenyewe. Jana Tindra alikuja ofisini, akasimama mpaka neno likafika, akaniambia kwamba namba moja ni yake na anaomba azisome yeye, zote mia moja na kumi na mbili. Nikamwambia kazi ni yake. Kwa hiyo Evert atabonyeza kitufe, na Tindra atasoma. Atachukua muda wake. Wengine mtaitwa baada ya saa moja, wengine mbili. Kahawa ipo, na subira mnayo, nimeiona kwa macho yangu.

Evert, kwa miaka thelathini na nane, kwa kila skrubu, ahsante. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza bila kwanza kuvuta namba. Tindra, mwanangu, njoo mbele. Anza na ya kwako.