Diwani Aliyeitwa Sumu: Maisha ya Tusekile Mwakibinga, 1986–2025

Ndugu waombolezaji, viongozi wetu, majirani wa Igowole na wageni mliotoka Mbeya, nawasalimu kwa salamu ya hapa: kamwene. Ninayesoma ni Ipyana Mwakibinga, mdogo wa marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa. Mwezi Desemba, akiwa kitandani, dada aliniambia kwamba siku hii ikifika tusimpambe. "Andika yote, hata ya kwenye TV," alisema. "Ukiyaruka hayo, watu watadhani mnamzika mtu mwingine." Familia imekaa na imekubaliana kumtii.

Marehemu Tusekile Ambokile Mwakibinga alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1986, Iyunga, Mbeya. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa Mzee Ambokile Mwakibinga, fundi wa mabehewa ya reli, na Mama Rozalia, aliyekuwa akiuza nyanya na vitunguu kando ya barabara kuu. Alibatizwa katika Kanisa la Moravian, na hapo hapo ndipo alipoanza kuimba kwaya ya watoto. Baba alipenda kucheza drafti na mafundi wenzake jioni, kwa visoda vya soda kwenye ubao uliochorwa kwa mkaa. Tusekile alipokuwa na miaka kumi na mmoja aliomba kucheza. Akamwachia baba ale kete zake tatu mfululizo, mafundi wakacheka, kisha kwa mkupuo mmoja akala tano na kuingia king. Mzee alivua kofia, akaiweka juu ya ubao, akasema, "Huyu mtoto anaona mbali. Sijui tumshukuru Mungu au tumchunge."

Marehemu alisoma shule ya msingi Iyunga kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, na sekondari hapo hapo Mbeya hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka 2004. Kwenye midahalo mwalimu alizoea kumpa upande ambao hakuna aliyeutaka, kwa kuwa alikuwa na uhakika kwamba angeshinda nao. Mwaka 2005 alijiunga na chuo cha maendeleo ya jamii mkoani Iringa, akahitimu mwaka 2007. Kuanzia 2008 alifanya kazi Chunya na vikundi vya akina mama wanaoishi kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Wakati huo wenye mashimo walikuwa wamezuia akina mama kuchota maji kwenye kisima chao. Dada aliingia kwenye kikao chao bila kualikwa, akakaa kwenye ndoo aliyoenda nayo, akasema hatatoka mpaka suala la maji liguswe. Liliguswa, na kisima kikafunguliwa asubuhi na jioni.

Sasa tunafika mwaka 2012. Mwaka huo marehemu alichaguliwa kuwa mmoja wa washiriki kumi na wawili wa kipindi cha televisheni kilichoitwa *Chini ya Paa Moja*. Washiriki walikaa siku sabini ndani ya nyumba moja Dar es Salaam, kamera zikiwafuata kutwa, na kila wiki walipiga kura ya siri kumtoa mmoja wao. Fainali iliamuliwa na watazamaji, na mshindi alipewa zawadi. Humo ndani dada alilala chumba kimoja na mwalimu wa chekechea kutoka hapa Igowole, Blandina Kikoti, ambaye yuko nasi leo, amekaa na familia. Waliahidiana kwamba hakuna atakayempigia mwenzake kura.

Wiki ya nane walibaki watano. Dada aliona wazi kwamba Blandina anapendwa na watazamaji na kwamba wakifika fainali pamoja atamshinda. Akampigia kura. Tena akawashawishi wengine wawili wampigie. Jina lilipotajwa, Blandina alimkumbatia dada na kulia begani kwake, akidhani amesalitiwa na wengine, na nchi nzima ilikuwa inatazama ikijua ukweli. Kesho yake asubuhi dada aliulizwa mbele ya kamera kwa nini amefanya vile. Alijibu, "Nimekuja kushinda. Sikuja kutafuta dada."

Maneno hayo yalisambaa. Yaliandikwa kwenye fulana na nyuma ya bajaji. Watu wakampa jina la Sumu. Mwisho wa kipindi alikuwa wa pili, hivyo alipoteza ushindi na jina zuri kwa pamoja. Baadhi yetu tulitaka kumtetea, tukasema wale wa TV wamekatakata picha ili aonekane mbaya. Yeye mwenyewe alikataa utetezi huo hadi mwisho. "Hakuna aliyenitia maneno mdomoni," alisema. "Nilisema mimi."

Aliposhuka kwenye basi Mbeya mwezi Septemba, vijana stendi walimzomea. Sokoni mama aliambiwa amezaa nyoka. Kanisani kuna mtu alihama benchi. Mzee Ambokile hakumkemea. Alisubiri amalize kula, kisha akamuuliza swali moja.

"Yule binti umeshamwona?"

"Bado, baba."

"Basi hujafika nyumbani."

Siku tatu baadaye dada alisafiri mpaka Igowole. Alimkuta Blandina anafundisha watoto nje ya darasa, akasimama pembeni ya uwanja tangu asubuhi mpaka mtoto wa mwisho alipochukuliwa na mzazi wake. Blandina ndipo akamsogelea.

"Umekuja na kamera?"

"Sina kamera."

"Basi sema."

"Niliona utashinda, nikakuuza," dada alisema. "Sina sababu nyingine ya kukupa."

Blandina akajibu, "Sijakusamehe. Lakini basi la kurudi limeshaondoka. Njoo ule." Dada alikaa kwao siku tisa, akipanda viazi na akina mama wa pale, na hakuna aliyemwimbia nyimbo za kumkaribisha. Ila alipoondoka, Blandina alimsindikiza mpaka barabarani.

Kazi ya Chunya ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, na kwingine kote alikoomba walimtambua wakamkataa. Aliyemfungulia mlango ni Bi Rukia Makame, muuza vitambaa wa Mbeya, ambaye pia amefika leo na tunamshukuru. Alimwambia, "Mwanangu, watakuja kukutazama tu. Wakimaliza kutazama, wapimie kitenge." Dada alifanya kazi dukani kwake karibu miaka miwili. Alizoea kutukanwa na mtu huku akimkatia kitambaa sawasawa, bila kupunja hata kidole kimoja. Alisema baadaye kuwa hicho ndicho kilikuwa chuo chake cha siasa.

Katika safari zake za Igowole, ambazo ziliongezeka bila sisi kuelewa mara moja sababu yake, marehemu alifahamiana na Zabron Kikoti, fundi wa mbao na kaka yake Blandina. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Juni 2014, katika usharika wa hapa. Ilipofika zamu ya mawifi kutoa neno, Blandina alichukua kipaza sauti akasema, "Hukuja kutafuta dada. Sasa umepata wifi, na wifi hapigiwi kura." Ukumbi ulicheka kwa muda mrefu, na bibi harusi alicheka kuliko wote. Mungu aliwajalia watoto wawili, Andendekisye, aliyezaliwa mwaka 2015, na Subilaga, aliyezaliwa mwaka 2018.

Mwaka huo wa 2015 Blandina aliamua kugombea udiwani wa kata yetu, na akamwomba marehemu awe meneja wa kampeni yake. Wengi walishangaa. Walimwambia Blandina waziwazi kwamba atauzwa mara ya pili. Wiki mbili kabla ya kura za maoni za chama, wazee watatu wenye sauti walimfuata dada kwenye kiwanda cha mbao cha mumewe. Walimwambia wameona uwezo wake, kwamba Blandina ni mpole mno, na kwamba akikubali kuchukua fomu watamuunga mkono na wifi yake atatafutiwa nafasi nyingine. Dada aliwasikiliza mpaka mwisho na kuwapa chai. Walipomaliza kunywa akawaambia, "Twendeni mahali, si mbali." Akawatembeza mpaka nyumbani kwa Blandina, akawaketisha, akasema, "Wifi, wazee wana maneno. Wazee, rudieni mliyoniambia. Mwenyewe huyu hapa."

Wazee walizungumzia mvua.

Walipoondoka, Blandina alimwambia, "Sasa nimekusamehe." Hapo ilikuwa imepita karibu miaka mitatu. Shemeji Zabron anasema mke wake alirudi nyumbani siku hiyo akalala mchana, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Blandina alishinda, akawa diwani kwa miaka mitano, na marehemu alikuwa mkono wake wa kulia. Mwaka 2020 Blandina aliamua kurudi chuo kuendelea na masomo ya ualimu, akamwambia wifi yake, "Sasa ni wewe." Mzee Ambokile hakuishi kuona hayo, alifariki mwaka uliotangulia. Mikutano ya dada ilijaa, na tuseme ukweli, wengi walikuja kumwona Sumu. Alipopanda jukwaani mara ya kwanza, sauti ya kuzomea ilikuwa kubwa hata sisi ndugu zake tukatamani ashuke. Alitazama saa yake akasema, "Nawapa dakika tano mnitukane. Zikiisha tuzungumze zahanati." Walitukana kama dakika mbili wakachoka. Zilizobaki alizisubiri kimya, mpaka zikaisha, ndipo akaanza kuongea. Oktoba ile alichaguliwa kuwa diwani wetu.

Wenyeji mnakumbuka zahanati ya kijiji cha Lwangatala ilivyokuwa. Jengo lilikuwa limeishia kwenye lenta, bila paa, kwa miaka saba, na wajawazito walipelekwa kujifungua kwa tela la trekta kwenye barabara yenye utelezi. Kila mwaka ripoti ilisema ujenzi unaendelea. Januari 2022 kamati ya halmashauri iliyohusika na ujenzi ilipangiwa kutembelea kata, na dada aliandaa mahali pa kikao. Wajumbe walifika wakakuta viti vimepangwa ndani ya lile jengo lisilo na paa. Mvua ilianza kabla ya sala ya kufungua kikao.

Mwenyekiti alisema, "Mheshimiwa diwani, tutafute mahali pengine."

Dada alijibu, "Mheshimiwa mwenyekiti, kwa mujibu wa ripoti tuliyonayo mezani, hapa ujenzi unaendelea. Tuendelee."

Mjumbe mmoja alikasirika, akamkumbusha kwamba siasa si maigizo ya televisheni na kwamba jina lake la zamani halijasahaulika. Dada alisimama, maji yakimtiririka usoni. "Mimi nimeshatukanwa na nchi nzima," alisema. "Mkitaka kunitisha, tafuteni kingine. Mama mjamzito akipakiwa kwenye tela haulizi diwani wake aliitwa nani. Anauliza kama tumefika." Kikao kilidumu dakika arobaini na kilipitisha azimio moja. Mbao za kupaulia zilifika Aprili. Tarehe 19 Julai 2022 mtoto wa kwanza alizaliwa chini ya bati la zahanati ile, na tangu siku hiyo hadi leo hakuna mama wa Lwangatala aliyepanda tela kwenda kujifungua. Familia inajivunia jambo hili kuliko jingine lolote.

Hakuwa malaika. Alikuwa na ulimi mkali, na wapo hapa waliokatwa nao. Hakupenda kushindwa hata kwenye drafti na watoto wake. Lakini kuanzia mwaka 2012 hakuna mtu aliyewahi kusikia kutoka kwa mwingine jambo ambalo Tusekile hakuwa amemwambia yeye mwenyewe usoni.

Mwezi Machi 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa Mbeya na baadaye Dar es Salaam, ambako Blandina aliomba ruhusa kazini akakaa naye wiki sita. Aliporudi hakuficha ugonjwa. Aliusema kwenye mikutano ya vijiji kwa jina lake, akawaambia akina mama waende kupimwa mapema, na wanaume wasiwazuie. Muuguzi wa Lwangatala ametuambia kwamba mwezi uliofuata walifika wanawake wengi mpaka siku za kupima zikaongezwa. Vikao vya baraza alihudhuria mpaka Novemba, siku nyingine akiwa amelazwa kiti cha nyuma cha gari mpaka mlangoni, kisha akiingia kwa miguu yake. Januari alidhoofu sana. Alipumzika hapa nyumbani Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mumewe akimshika mkono na mama yake akiomba kwa Kinyakyusa. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja na siku chache kutimiza miaka thelathini na tisa.

Siku mbili kabla ya hapo alimwita mtendaji wa kata, akapitia naye ajenda za kikao cha maendeleo kilichopangwa Jumatatu ijayo. Ajenda ya kwanza ni nyumba ya muuguzi wa Lwangatala. Mtendaji alimuuliza kama kikao kiahirishwe kutokana na hali yake. Alitikisa kichwa akasema, "Mimi ndiye nitakayekosekana. Nyie mpo."

Marehemu ameacha mume, Zabron Kikoti, watoto wawili, Andendekisye na Subilaga, mama mzazi, Rozalia, wadogo watatu, wifi yake Blandina, ambaye yeye alimwita dada, mama yake wa hiari, Bi Rukia, na kata nzima iliyoanza kwa kumzomea ikaishia kumchagua.

Tusekile, dada yetu, Mungu akupokee na kukupa amani uliyoitafuta kwa miguu yako mwenyewe. Pumzika. Jumatatu, saa nne asubuhi, kikao kipo.