Wale wa Nyuma ya Stoo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ardhi na Mipango, Bwana Mkuu wa Hifadhi, Mhandisi wa kiwanda cha vigae (kaa tu, ndugu yangu, leo sina ugomvi na wewe), majirani zetu wa pande zote mbili za uzio, wafanyakazi wenzangu, na wewe fundi cherehani uliyejificha kiti cha mwisho karibu na mlango ukidhani sikuoni: hamjambo?

Nimepewa dakika tano za kuaga. Aliyenipa ni Bwana Mkuu, ambaye amefanya kazi na mimi miaka tisa na bado hajakata tamaa.

Mimi ndiye mhesabu ndege wa hifadhi hii. Wengi mnaniita Mama Darubini, na jina nalikubali, maana kwa miaka ishirini na mbili darubini hii imekaa shingoni mwangu kuliko mkufu wowote. Kila alfajiri nilifungua geti, nikaipita stoo ya majembe na mabuti, nikakaa kwenye benchi la mbao kwenye pembe ya stoo, uso kwa maji, matete ya nyuma ya stoo mgongoni, nikahesabu: korongo, bata maji, yangeyange, mdiria. Kisha nikaandika kwenye daftari la jalada jekundu. Nilijivunia daftari lile, sitaki kuwadanganya. Mgeni akija nilikuwa namwambia, "Daftari hili halijawahi kukosea." Niliwaambia hata wale ambao hawakuniuliza.

Sasa sikilizeni lilivyonitia aibu.

Mwaka jana kiwanda cha vigae kilitaka kupanuka. Walihitaji mahali pa kujenga tanuri jipya na kuegesha malori, na macho yao yakatua kwenye kile kipande cha matete nyuma ya stoo yetu. Kikao kikaitwa ndani ya ukumbi huu huu. Nilikuja nimependeza, daftari kwapani, nikijua nimeshashinda. Mhandisi akasimama, akaniomba daftari kwa adabu, akalifungua, akamsomea Mwenyekiti safu ya mwisho ya kila ukurasa. Ofisi iliichapa safu ile kwa jina la "Nyuma ya stoo", na chini yake, kwa miaka yangu yote, hakuna hata ndege mmoja. Kistari, kistari, kistari. Akasema, "Mheshimiwa, sisi hatuombi kufukuza ndege. Tunaomba mahali ambapo, kwa mwandiko wa mama mwenyewe, ndege hawapo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Maana ndugu zangu, matete yale yamejaa ndege. Wanalala mle, wanazaa mle, wanagombana mle mwaka mzima, na kelele zao ndizo zilizokuwa zikinichangamsha mgongoni wakati nahesabu wengine. Kwa nini basi sikuwaandika? Mzee aliyenifundisha kazi hii, aliyenitangulia kwenye benchi lile, alinipa kanuni moja: "Hesabu wageni. Wenyeji hawahesabiwi, wenyeji wapo." Hifadhi ilianzishwa kwa ajili ya ndege wanaokuja na kuondoka kila msimu, na hawa wa nyuma ya stoo hawaendi popote. Kwa hiyo tukakaa tumewapa mgongo, yeye miaka yake, mimi miaka yangu, tukijaza vistari.

Na si kwamba sikuambiwa. Kuna mtu alikuwa ananiletea chupa ya chai kwa baiskeli kila asubuhi kabla hajafungua duka lake la kushonea. Siku moja, zamani kidogo, alisimama pale ameshika chupa, akageuka nyuma, akauliza, "Mke wangu, na hawa je? Mbona huwaandiki?" Nikamjibu, "Baba watoto, wewe shona suruali, ndege niachie mimi." Akanimiminia chai, akapanda baiskeli yake, akaenda. Hakurudia tena. Mnamjua alivyo, maneno yake ni ya kuhesabika.

Turudi kwenye kikao. Mwenyekiti alivua miwani, akaniambia, "Mama, chagua. Kama daftari lako ni sahihi, kiwanda kijengwe. Kama si sahihi, nieleze kwa nini niamini kurasa nyingine." Mwaona mtego huo? Nikisema sahihi, ndege wanakosa kwao. Nikisema si sahihi, jina langu linakwenda na maji mbele ya majirani walionisikia nikijisifu miaka yote. Na nikiri leo, kwa kuwa kesho simo kazini: nililifikiria jina langu kwanza, ndege baadaye. Nililipenda jina lile. Mwishowe nikasema, "Daftari limekosea. Nimekosea mimi, kwa mkono wangu huu." Kisha nikaomba asubuhi moja tu. Waje wote tukae kwenye lile benchi, ila tuligeuze. Na ahesabu Mhandisi, si mimi, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshatia shaka.

Wakaja. Mhandisi alikuja na viatu vinavyong'aa na kalamu tatu mfukoni. Alianza ameegemea ukuta. Alipofika themanini akasimama wima. Alipofika mia na hamsini nikataka kumkaribisha chai, akaniambia, "Mama, usinisemeshe, utanipoteza." Mheshimiwa Mwenyekiti naye alifungua mdomo, akanyamazishwa kwa kidole, na ushahidi ninao. Chai ikapoa. Ilipotimu saa mbili asubuhi alikuwa na ndege mia tatu na kumi na saba, bila kuhesabu makinda. Akaandika mwenyewe, akatia saini mwenyewe, akamkabidhi Mwenyekiti daftari.

Hebu tujiulize, angeandika mia moja nani angejua? Angeandika "wachache" nani angembishia, mimi mwenye vistari vyangu? Lakini aliandika alichokiona, na huku kila ndege aliyemwongeza alikuwa anambomolea tanuri ambalo hajalijenga. Nimekutana na watu wengi wanaopenda ndege, ila waliopenda ukweli kuliko faida yao ni wachache, na mmoja wao ameketi hapo mbele anajifanya anasoma ratiba.

Leo tanuri liko ng'ambo ya barabara, kwenye machimbo ya zamani yaliyojaa kifusi, ambako hakuna hata panzi. Nilikwenda, nikahakikisha, nikaandika. Matete yana uzio na kibao, na hati yake Mheshimiwa ameitia saini wiki iliyopita. Halafu kila Jumamosi nafika kazini namkuta mtu amenitangulia kwenye benchi, viatu vimejaa tope, ananibishia kama yule ni mdiria au siye. Mhandisi, umeshaharibika wewe, kiwandani watakupokea vivyo hivyo.

Dada yangu unayenirithi, darubini ni hii, na daftari jipya ni hili. Ukurasa wa kwanza nimeandika kosa langu kwa wino, usije ukauchana kwa kunionea haya. Benchi nimeliacha limekaa upande upande. Shingo itakuuma, lakini utaona huku na huku.

Nimebakiza mmoja.

Fundi, simama. Simama tu, hawakuli. Miaka ishirini na mbili chupa ile haikuchelewa hata siku moja, mvua, jua, pancha. Kila sherehe katika ukumbi huu nimemshukuru Mkuu, nimeishukuru kamati, wafadhili, mpaka aliyepaka geti rangi. Wewe sikukutaja. Nilijua upo. Uliona kabla yetu sote, nikakurudisha kwenye suruali zako, na jioni ile ya kikao niliporudi nyumbani nikilia hukusema "nilikwambia." Uliniuliza kama nimekula. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa wote, mume wangu, na ninakupenda.

Mhandisi, kalamu unazo? Njoo ufungue daftari jipya, mstari wa kwanza, safu ya mwisho. Andika: mmoja, ameonekana karibu na mlango. Tia saini, maana yako inaaminika.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa masikio yenu muda wote huu. Chai iko tayari, na leo namimina mimi.