Kitasa Anataka Kufunga

Benchi la uwanja wa soko pale Otley, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, lile linalotazamana na duka la pai, halina mwenyewe, lakini jaribu kulikalia Jumanne asubuhi uone utakavyokodolewa macho. Ni la wastaafu wanne na chupa moja ya chai. Msimu wao mkubwa ni mwanzo wa Aprili, kwa sababu tarehe tano mwaka wa kodi unakatika, na kila mwenye vijisenti vyake anahangaika na aisa, ile akaunti ya akiba ambayo riba yake mtu wa kodi haigusi. Wenzao wanafuatilia mpira, wao wanafuatilia riba. Jumanne moja ya msimu huo upepo wa kutoka mlima Chevin ulikuwa unachoma masikio, chai ilikuwa imeshazunguka mara moja, na ubishi ulikuwa umenoga.

Aliyeuanzisha ni Hedley, tarishi mstaafu, ambaye benchi lilimbatiza jina la Kitasa. Aisa yake ilikuwa imemaliza muda na alitaka kuifunga tena mwaka mmoja. Ukifunga, riba waliyokuahidi haishuki, lakini ukizitaka pesa zako kabla ya wakati wanakukata mpaka unajuta. Thelma, anayeishi naye nyumba moja na kula naye mayai ya chungu kimoja, alikuwa wa kambi ya pili. Yake ilikuwa ya wazi: unachota siku yoyote, ila riba nayo inashuka siku yoyote bila kupiga hodi.

Thelma alikuwa na jambo jingine lililomkaa kooni. Asubuhi ile, mayai yakiwa bado ya moto, Hedley alikuwa amemuuliza swali analomuuliza kila aisa yake ikimaliza muda: Thelma, tuoane? Na yeye akajibu kama miaka yote, kwamba watazungumza wakitoka sokoni. Hakumchukia Hedley, alimpenda sana. Lakini alishawahi kuolewa huko Bradford na bwana mmoja aitwaye Roland, na kutoka kwenye ndoa ile kulimgharimu nyumba, kinanda na nusu ya marafiki. Tangu hapo, chochote chenye masharti ya muda kilimwasha mwili. Safari hii, hata hivyo, sauti ya Hedley ilikuwa na uchovu kidogo, na Thelma alianza kuogopa kwamba mwakani hataulizwa.

— Mimi nafunga, alisema Kitasa. Riba inaanguka hii. Ukiona mwenzio ananyolewa, tia maji.

— Nani ananyolewa? aliuliza Mallory.

— Riba, bwana.

— Basi asitie maji na upepo huu. Atapata mafua.

Mallory walimwita Godoro, maana alisema wazi kwamba mahali pekee ambapo pesa yake haijawahi kumsaliti ni chini ya mgongo wake. Alikuwa na nadharia, na nadharia yenyewe ilikuwa kwamba riba inamkimbia yeye binafsi. Popote anapoweka, kesho yake inashuka. Alishauri majirani wamlipe asiende kwenye benki zao. Mwaka juzi, alisema, alikwenda kuweka akiwa amevaa kofia ya dada yake, na riba ikatulia wiki nzima kabla hawajamtambua.

Clement, yaani Waziri, alimsikiliza kwa huruma. Huyu maisha yake yote aliendesha basi la shule, lakini akizungumzia Hazina ungedhani ameacha mwavuli wake kule. Kwa maelezo yake, hakuna sababu ya kufunga, kwani Alhamisi wakubwa wa Benki Kuu wanakutana na riba itapanda tu.

— Siri iko kwenye chakula chao cha mchana, alisema. Wakila samaki wanashusha, wakila nyama wanapandisha.

— Na wakila mboga? aliuliza Godoro.

— Wanaahirisha. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana mimi ninaweka pesa dakika ya mwisho.

Thelma aliwamiminia chai ya pili. Akawaambia Kitasa na Waziri kwamba wanapoteza muda, kwani riba nono siku hizi wanapewa wateja wapya tu.

— Ukishazoeleka wanakutupia makombo, alisema. Ndiyo maana mimi sijifungi popote.

— Mgeni njoo, mwenyeji akome, alisema Waziri, akatikisa kichwa kana kwamba wahenga ndivyo walivyosema.

— Mimi sijawahi kumtupia mtu makombo, alisema Kitasa polepole.

Wale wawili wakacheka, wakidhani anaitetea benki. Thelma alitazama ndani ya kikombe chake.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja aliyejitanda mtandio wa kijani, na mfuko wa mboga mkononi, akaomba nafasi akisubiri basi la Ilkley. Alijitambulisha kwa jina la Parveen. Wakasogea. Lakini benchi lile hukai bure, na kabla hajatua mfuko wake Waziri alikuwa ameshamuuliza aisa yake ni ya kufunga au ya wazi.

Parveen akajibu kwa upole kwamba anazo mbili. Marehemu mume wake alikuwa na yake, na alipofariki, benki ilimruhusu mjane aweke nyongeza ya kiasi kile kile alichoacha marehemu, juu ya zile elfu ishirini ambazo kila mtu anaruhusiwa kwa mwaka. Yote bila kodi. Waziri hakuwa amewahi kusikia jambo hilo, kwa hiyo akasema analijua siku nyingi.

— Ila wanawapa wenye ndoa tu, alisema Parveen. Akawageukia Thelma na Kitasa, waliokuwa wamefunikwa blanketi moja magotini, akauliza: Ninyi mmeoana, sivyo?

Thelma alisikia damu ikimpanda usoni.

— Wameoana bwana, alisema Waziri. Harusini nilikuwepo.

— Na mimi, alisema Godoro. Tulikula pai baridi kwa haradali.

— Mvua ilinyesha.

— Jua lilikuwa linawaka. Mbwa wa padri alikula ngazi ya juu ya keki.

— Ngazi ya kati, Mallory. Na bibi harusi alivaa gauni la buluu, akaimba.

Parveen alikuwa anaitikia kwa adabu, lakini macho yake yalibaki kwa Kitasa, kama anayesubiri mwenye habari aithibitishe. Thelma naye akamtazama. Ilikuwa rahisi kwa Hedley kusema, nimemwomba miaka yote hataki. Angeonewa huruma na soko zima. Badala yake alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari.

— Hilo jibu ni la Thelma, alisema. Lolote atakalosema, mimi niko naye.

Thelma akaona aibu kidogo na furaha nyingi, vyote kwa pamoja. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akimkatalia mtu huyu asubuhi, na saa nne mtu huyu anakuja benchini kutaniwa kwa jina la Kitasa bila kumsema kwa yeyote. Roland alimfunga bila kumuuliza. Hedley alikuwa ameuliza kila mwaka, na kila mwaka akasubiri.

— Hatujaoana, alisema Thelma. Lakini tunaoana. Funga, Hedley.

— Aisa?

— Aisa fanya unavyotaka. Mimi ndiye nimekubali kufungwa.

— Kwa muda gani?

— Usianze kuniuliza muda, nitabadili mawazo.

Kitasa aliweka kikombe chake hewani, pasipo na meza, na chai yote ikaishia kwenye viatu vya Waziri. Alikuwa anacheka na kulia, na hakujificha. Parveen alimkumbatia Thelma kama wamekua pamoja, basi la Ilkley likaja likaondoka, na yeye akalipungia mkono. Waziri, soksi zikiwa zimelowa, akajitangaza mwenyekiti wa kamati ya harusi na kuanza kugawa majukumu.

Godoro peke yake alikuwa amekunja uso, akihesabu kwa vidole.

— Hebu ngojeni, alisema. Kama hawa hawajaoana, zile pai nilikula harusini kwa nani?

Waziri aliacha kugawa majukumu, rangi ikamtoka usoni.

— Na mimi, alisema, lile birika nililowapa zawadi ya harusi yuko nalo nani?